Siku Kumi za Minandi

1

Asubuhi ile wanawake wa Lupale walikuwa wanashangilia ugonjwa, na mimi nilikaa katikati yao nikichambua dagaa na kutabasamu.

"Hebu ona hili tumbo," alisema wifi yangu Subilaga, akinionyesha dagaa mmoja kiganjani. Alikuwa amevimba mpaka magamba yameachana. "Mwaka huu wana mayai mpaka basi. Mwakani tutakosa pa kuwaanika."

Wenzake wakacheka. Tulikuwa wanane kwenye meza ndefu ya kuchambulia, chini ya paa la bati, ukungu ukiwa bado umelalia maji. Kwenye nguzo zilizozunguka ziwa minandi walikuwa wametanua mabawa wakijikausha, weusi, elfu tatu na ushei. Kila tulipotupa matumbo ya samaki walishuka kwa fujo kuyagombania. Matumbo hayo tuliyaita fungu la ndege. Mgeni angedhani ni desturi ya mababu, lakini niliianzisha mimi mwenyewe miaka mitatu nyuma, ili ndege walizoee ziwa letu wasikumbuke kurudi bondeni.

Nilimpasua yule dagaa kwa ukucha wa dole gumba. Hapakuwa na mayai. Palikuwa na utepe mweupe, bapa, umejikunja mara nne, na nilipouvuta ulikuwa mrefu kuliko samaki mwenyewe. Ukajinyonganyonga kwenye kidole changu.

"Hayo si ndiyo yale mafuta uliyosema?" Subilaga aliuliza.

"Ndiyo," nikamjibu. "Mafuta ya mshipa. Toa, tupa."

Akautupa. Mnandi mmoja akaudaka kabla haujagusa maji.

Mimi naitwa Tusekile. Ni mwita-ndege wa Ziwa Lupale, nina cheti ukutani na kofia yenye nembo ya bawa. Nilijua ule utepe ni nini tangu mwezi Machi, na siku ninayoisimulia ilikuwa ya Agosti. Ukitaka kujua mtu anaweza kusema uongo kwa muda gani huku vidole vyake vinanuka ushahidi, jibu ninalo: miezi mitano, na anapata usingizi vizuri tu.

2

Maziwa ya kwetu milimani ni mashimo ya volkano zilizolala. Maji yake ni marefu kwenda chini na ni safi, na kwa sababu ya usafi huohuo hayana chakula cha samaki. Bondeni mambo yalikuwa kinyume. Tangu watu walipojaza nchi yote ya chini mabwawa ya kufugia samaki, minandi waliongezeka mpaka wenye mabwawa wakawa wanalala na manati. Wao walitaka kuondokewa na ndege, sisi tulitaka mbolea ya ndege. Ndipo mafundi walipotengeneza kinara.

Kinara ni mashine yenye umbo la mnandi, mabawa yake yanakunywa jua, koo lake linakoroma kama mnandi dume. Unakirusha kati ya kundi, siku mbili tatu kinaruka nao, kinavua nao, kinatua nao, hadi wanakikubali. Baada ya hapo mimi nikivuta kidole kwenye kishikwambi, kinara kinaondoka na kundi zima linaondoka nyuma yake. Kinyesi chao kinaangukia ziwani, maji yanakuwa ya kijani, dagaa wanapata kula, na sisi tunapata dagaa. Kazi nzuri. Nilikuwa naipenda, na bado naipenda, ndiyo maana inaniuma.

Ina sharti moja tu. Ndege wakitolewa maji haya kwenda maji mengine wakae kwanza siku kumi kwenye nyumba ya wavu, wakila chakula cha kiwandani, wasiguse samaki.

Sababu ni tegu. Mnyoo huyu akiwa tumboni mwa samaki anaweza kukaa mwaka mzima, anakula, ananenepa, anaziba mahali pa mayai, na samaki huyo hazai tena. Akimezwa na mnandi anakomaa, anataga maelfu kwa maelfu, halafu anakufa. Yote hayo ndani ya siku tano au sita. Mayai yanashuka na kinyesi majini, yanaliwa na vidudu vidogo kuliko punje ya chumvi, vidudu vinaliwa na samaki, na safari inaanza upya. Mtu akimla hadhuriki. Lakini ziwa linadhurika, na linadhurika huku samaki wakionekana wamenona. Kwa hiyo siku kumi za wavu zinatosha kabisa: tegu anafia ndani ya ndege, ndege anatoka safi.

Minandi wangu wa kwanza, mia mbili, walikaa siku tatu.

Naomba niseme ilivyokuwa, si kujitetea. Hapa Lupale mke hamtazami baba mkwe wake. Hasemi naye, hataji jina lake, wakikutana njiani yeye mke ndiye anayeingia migombani. Mila hii ilikuwa imefifia enzi za bibi zetu. Watu waliporudi milimani kukimbia joto la mijini wakaifufua, tena kwa ukali wa waongofu wapya. Mume wangu Ambindwile yuko bondeni, ni fundi wa mabwawa, anarudi mara mbili kwa mwaka. Mimi naishi bomani kwao, namwandalia baba yake chakula, Subilaga anakibeba. Na huyo baba yake ndiye mwenyekiti wa kamati ya ziwa, yaani mkubwa wangu wa kazi. Jina lake silitaji hata hapa.

Siku ile ya tatu nilimtuma Subilaga: "Mwambie baba ndege hawako tayari. Nahitaji siku saba zaidi." Subilaga ni mtu mwema, na wema wake wote ni kuogopa kumuudhi mtu. Alikwenda akasema, "Tusekile anaona wangepumzika kidogo ingependeza." Jibu likarudi: wapumzike leo, kesho wafunguliwe, maana wageni wamealikwa na ng'ombe ameshachinjwa. Ningeweza kumrudisha. Ningeweza kumtuma mchungaji, au mwalimu mkuu, au kuandika barua. Lakini nilikuwa na miezi minne tu pale bomani, na nilitaka sana nisikie kwamba baba mkwe amesema kanisani, "Mke wa mwanangu ni mchapakazi." Nikafungua wavu. Kwenye kishikwambi, panapouliza siku za karantini, nikaandika kumi.

Neno hilo alilisema kweli kanisani. Nililisikia nikiwa nimekaa nyuma ya nguzo, uso kwenye kitenge, na nililia kwa furaha.

3

Sasa ndege walikuwa wengi kuliko nguzo. Wengine walizaliana, wengine walifuata wenzao kutoka bondeni bila kuitwa na mtu. Kamati iliamua kugawa nusu ya kundi kwa Ziwa Mbogosi, mwendo wa saa moja kwa mabawa, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kuwahamisha. Kwenye kishikwambi changu kulikuwa na ukurasa mmoja unasubiri: *Kundi ni safi? Ndiyo. Hapana.* Jibu lilitakiwa kabla ya jua kuzama; kwa kundi lililoandikwa kwamba limeshapita karantini, *Ndiyo* ilitosha bila kukaa tena wavuni.

Mbogosi ni kwetu. Nimezaliwa pale.

Mama alipiga simu saa tatu, sura yake imejaa kioo chote kwa sababu hajawahi kujifunza kushika simu mbali na pua.

"Ugonile, mwanangu."

"Ugonile, mama."

"Nguzo tumemaliza jana, mia nne. Vijana wamechimba mpaka viganja vimetoka malengelenge. Wanakwaya wana wimbo mpya, wameweka na jina lako. Nimewaambia wapunguze, mtoto atajisikia." Alicheka mwenyewe. "Na nimeshachagua mahali pa kusimama, usije ukapita juu bila kuniona."

"Sawa, mama."

"Unajua visamaki vyetu vya mistari vimebaki vichache. Watoto wanashinda ziwani, wanapata kikombe. Wale wa chuo walisema hakuna maji mengine duniani yenye visamaki kama hivi. Mimi nikawaambia, basi vilishwe, vikue. Na wa kuvilisha ni mtoto wangu."

Niliyahamisha macho. Ukuta wa nyuma yake ulikuwa umepakwa chokaa upya.

"Mbona unatazama pembeni?" akasema. "Huyo mkweo ndiye aliyekufundisha kutotazama watu usoni? Mimi ni mama yako, nitazame."

Nikamtazama. Nikamwambia nina kazi, nitampigia baadaye. Nikakata simu kwa soni.

Nikachukua mtumbwi na wavu wa mkono. Nilijiambia nakwenda kuhakikisha, maana mtu mwongo hupenda sana kuhakikisha. Nilivua sehemu tano za ziwa, dagaa wanne kila sehemu, nikawapasua wote ishirini juu ya ubao pale mtumbwini. Kumi na wanane walikuwa na tegu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na yai. Nikapiga kasia hadi penye majani, wanakokaa samaki wachanga, nikachota maji mara kumi kwa ndoo nyeupe na kuyaangalia. Ndoo zote kumi zilikuwa tupu.

Kwa hiyo dagaa tuliokuwa tunawashangilia kila asubuhi walikuwa wa mwisho. Hapakuwa na wa mwakani.

Nilikaa pale mtumbwini na kuwaza kwa sauti, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananisikia isipokuwa minandi. Sheria ya maji inajulikana. Kundi lenye tegu linauawa lote kwa gesi. Ziwa linafungwa miaka mitatu, hakuna wavu, hakuna ndoana. Kaya mia moja na sabini za Lupale zinategemea ile meza ya kuchambulia. Nikibonyeza *Hapana*, naua ndege wangu elfu tatu na nawanyima majirani zangu kitoweo. Nikibonyeza *Ndiyo*, nawapelekea watu walionizaa maradhi, na visamaki visivyopatikana mahali pengine vinakwisha. Kuwafungia tena wavuni siku kumi haiwezekani. Nyumba ya wavu inachukua mia mbili, na waliobaki nje wataendelea kula samaki wagonjwa.

Ilikuwepo njia ya tatu, nayo niliifikiria muda mrefu kuliko zote. Kubonyeza *Hapana*, halafu kusema tegu ameletwa na wale minandi waliokuja wenyewe kutoka bondeni. Nani angebisha? Ndege hana pasi wala mpaka. Kwenye kumbukumbu zangu imeandikwa kumi. Funika kombe mwanaharamu apite. Lakini kitu kimoja kilinizuia, nacho si ushujaa. Wataalamu wangekwenda kutafuta chanzo mahali ambapo hakipo, mabwawa ya watu wengine yangefungwa, na mimi ningekuwa nimekaa pembeni nawatengenezea chai.

4

Nilimkuta Subilaga jikoni akimenya ndizi. Nikamwambia yote, kuanzia siku ile ya wavu. Aliendelea kumenya, kisu kikazidi kwenda polepole, mwisho kikasimama.

"Kwa hiyo yale si mafuta," alisema.

"Hayakuwa mafuta hata siku moja."

"Na mimi nilikuwa nawatupia ndege. Kila siku."

"Nilikufundisha mimi."

Akaifuta mikono kwenye kanga, akaifuta tena ingawa ilikuwa imekauka. "Unataka nifanye nini?"

"Nenda kwa baba. Mwambie maneno haya haya: ziwa lina tegu, kundi ni gonjwa, Tusekile alidanganya siku za karantini. Usipunguze hata moja."

Akaenda. Nilibaki kuangalia maganda ya ndizi. Alirudi haraka mno, na kabla hajafungua mdomo nilishajua.

"Nimemwambia kwamba kuna vijidudu kidogo kwenye samaki," alisema.

"Kidogo, Subi?"

"Ulitaka nisemeje? Yule ni baba yangu. Amevaa koti lake la harusi, wazee wa Mbogosi wameshafika, wanakunywa chai naye. Nisimame mlangoni nimwambie mkweo ni mwongo?"

"Akasemaje?"

"Aliweka kikombe chini. Halafu akasema, mwambie Tusekile asijisumbue na mambo ya jikoni." Alikunja uso. "Hata mimi sikumwelewa."

Sikumwelewa vilevile, na sikuwa na nafasi ya kufikiri. Ilikuwa saa tisa na nusu. Nikamtazama Subilaga, mwanamke mzima mwenye watoto wanne, na kwa mara ya kwanza nikaona nilichokuwa namfanyia. Kwa miaka mitatu nilimpa maneno mazito ayabebe, nikijua mikono yake haiwezi, na kila yalipomwagika njiani nilishukuru kimoyomoyo. Mila ilinikataza kusema na baba mkwe. Haikunikataza kusema kweli. Mimi nilizichanganya hizo mbili kwa sababu mchanganyiko huo ulinifaa.

Nikavua kofia ya nembo, nikaenda.

5

Kamati ilikuwa inakaa kwenye darasa la shule ya msingi, viti vya wanafunzi, wazee magoti juu. Walikuwepo wanakamati sita, wageni watatu wa Mbogosi, na mwenyekiti mbele ya ubao. Nilipoingia mazungumzo yalikatika. Mama mmoja wa kamati alinyanyuka nusu ili anizibe, akidhani nimepotea njia.

Baba mkwe alifanya alichopaswa kufanya. Aligeuza kiti chake, akaukabili ubao, akanipa mgongo. Hakufanya kwa hasira. Alikuwa ananipa nafasi ya kutoka bila kuonekana. Koti lake lilikuwa limepauka mabegani na kola ilikuwa imepigwa pasi vizuri. Niliipiga mimi.

"Naomba nisikilizwe," nilisema. "Nasema na mwenyekiti, na naomba radhi kwa kusema naye."

Mzee mmoja wa Mbogosi aliangalia chini, akaanza kuchezea kofia yake. Alikuwa ananijua tangu mtoto.

Nikasema. Nilisema siku tatu badala ya kumi. Nilisema tegu, na dagaa kumi na wanane kati ya ishirini, na ndoo kumi tupu. Nilisema miezi mitano ya mafuta ya mshipa. Nilikuwa nimepanga kusema kwa utulivu kama mtaalamu, lakini sauti ilinikimbia, ikawa inatoka kama ya mtu anayesukumwa. Nilipomaliza nilibonyeza *Hapana* mbele yao wote, nikakiweka kishikwambi juu ya dawati.

Mzee wa Mbogosi ndiye aliyekuwa wa kwanza. "Kesho mngetuletea hao?" aliuliza, taratibu kabisa.

"Ndiyo, baba."

"Na wewe ni wa kwetu."

"Ndiyo, baba."

Akatikisa kichwa. Nilitamani anitukane.

Ndipo kiti cha mbele kilipokwaruza sakafu. Baba mkwe alikuwa anageuka. Mama wa kamati alishika mdomo. Mimi niliinamisha kichwa kwa mazoea, lakini nilisikia sauti yake ikija moja kwa moja kwangu, haikupitia kwa mtu.

"Ni mweupe? Bapa, kama uzi wa kiatu?"

"Ndiyo, baba."

"Nilimkuta kwenye bakuli," alisema. "Kabla ya Pasaka. Nilimkuta tena baadaye, mara nne, labda tano."

Nje minandi walikuwa wanakoroma kwenye nguzo zao.

"Niliona ni uchafu wa jikoni," akaendelea. Alikuwa anachagua maneno kwa shida, mtu ambaye hajawahi kusema na mwanamke huyu. "Nikasema, mke wa mwanangu anashinda ziwani kwa ajili yetu sote, hana muda wa kuosha samaki vizuri. Nikimwambia Subilaga, atamwambia. Ataona aibu, na mume wake yuko mbali. Kwa hiyo nilikula. Niliwafunika na ugali nikala, bakuli lirudi tupu, usije ukajiuliza."

Wakati huo huo nilikumbuka yale mabakuli. Yalirudi yamefutwa, safi, kila siku, na mimi nilijisifu kwamba baba mkwe anapenda mapishi yangu.

"Ningeuliza Aprili," alisema, "wavu wa kuwatosha ndege wote ungeletwa Aprili. Haya, sasa ni Agosti." Akawageukia wanakamati. "Andikeni kwamba mwenyekiti alimwona tegu kabla ya Pasaka na hakusema."

"Msiandike hivyo," nilisema. "Baba hakujua ni nini. Mimi nilijua."

"Andikeni yote mawili," alisema, na mwandishi akainama kwenye karatasi.

Jioni nilimpigia mama kabla wazee wake hawajamfikia. Nilimwambia kwa maneno machache. Alinisikiliza hadi mwisho, pua kwenye kioo, macho yamejaa.

"Basi nitawaambia kwaya wasije," alisema, akakata.

6

Watu wa wilaya walifika siku ya tatu na mitungi yao ya gesi na nyavu kubwa, wakajenga banda lenye urefu wa uwanja wa mpira. Waliuliza tutawaingizaje ndege wote humo. Wote wakanitazama mimi, kwa sababu jibu lilikuwa mikononi mwangu.

Nilikirusha kinara asubuhi, saa mbili, jua likiwa limetoka. Kilizunguka ziwa mara moja, kikakoroma. Minandi wakaanza kunyanyuka kutoka nguzoni, kumi, hamsini, mia, hadi maji yakaingia giza chini yao. Niliwajua wengine kwa vilema vyao: yule wa kidole kimoja, yule aliyekuwa anaiba samaki kwenye ndoo ya Subilaga. Nilivuta kidole kwenye kioo. Kinara kikashuka kuelekea bandani, kikaingia, na wao wakaingia nyuma yake bila kusitasita, kama siku ile ya kwanza walipokifuata hadi kwetu. Hakuna aliyehitaji kupigiwa kelele. Nilikifundisha kinara kuaminiwa, na kiliaminiwa.

Wanawake wa mezani walikuja kuangalia. Hawakunisema. Mmoja alikuwa amebeba beseni lake tupu, sijui kwa nini alilibeba.

Mlango wa banda ulikuwa mzito, wa kuvutwa na watu wawili. Nilishika upande wangu, nikangoja kijana wa wilaya. Aliyekuja kushika upande wa pili alikuwa baba mkwe. Tukauvuta pamoja, ukafungika. Fundi alisoma hesabu kwenye kifaa chake kilichohesabu ndege wakipita: elfu tatu na sitini.

Baba mkwe aliijua hesabu ya kundi. Mwezi uliopita nilimwandikia mimi mwenyewe, kwa ripoti, kupitia kwa Subilaga. Elfu tatu, mia moja na kumi na wawili.

"Wamepungua," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Hamsini na wawili. Wako wapi?"

Upande wa kaskazini kuna maziwa saba ya mashimo kama letu. Upande wa kusini kuna Mbogosi, na mbele yake bwawa la umeme, na mbele ya bwawa mto unaokwenda mbali kuliko ninavyojua. Mnandi akishiba anaruka siku nzima. Tegu ndani yake anahitaji siku tano tu kukomaa na kutaga.

Niliinamia udongo, nikangoja aondoke kama wakwe wanavyoondoka. Hakuondoka. Alikuwa amesimama hapohapo, mkono bado kwenye komeo, anangoja, na nikaelewa kwamba hatalipokea jibu hili kwa kisogo wala kwa mjumbe. Nikainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama. Ana macho ya mume wangu.

"Sijui, baba," nilisema.